Uzi wa Chuma

Dukani, 3 Februari

Mkwe wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa cherehani yangu. Mmoja wetu ni mzima, na huyo ni mimi.

Najua umeshangaa kupata barua yangu karakanani badala ya simu nyumbani. Simu yako hushikwa na mkeo kabla haijafika sikioni kwako, na mwanangu namjua. Huyu ndiye aliyemeza kifungo cha koti la mteja akiwa mdogo, tukamwita Kifungo hadi leo. Ukimpa ncha ya neno, huvuta mpaka nguo nzima ifumuke. Basi jambo hili ni la mimi na wewe.

Ile skrubu ndogo inayobana sindano imekatika kichwa. Niliikaza kwa koleo siku niliyokuwa na haraka, na haraka haina baraka. Jirani yangu fundi baiskeli akaja akakitoa kipande kilichobaki ndani, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Akakiweka juu ya meza. Nami nikafagia. Nimekitafuta mpaka magoti yamenishtaki. Mtaka cha mvunguni nimeinama na sikupata kitu.

Nimezunguka maduka yote ya vipuri. Skrubu zao zinaingia mzunguko mmoja, zinagoma. Muuzaji wa mwisho akaniambia, “Mama, tatizo ni uzi.” Nikamjibu uzi ninao kabati zima, wa kila rangi. Akacheka, kisha akanishauri niuze cherehani kwa wanunua chuma chakavu nikapumzike. Sikumsalimia wakati wa kutoka.

Unajua Kifungo anavyotaka nifunge duka nihamie kwenu. Kila simu wimbo ni huo: mama umezeeka, mama macho, mama mgongo. Akisikia cherehani imesimama atakuja na gari la mizigo. Nampenda, na nyumba yenu ni njema, lakini nikikaa pale na mikono mapajani nitaisha. Cherehani ndiyo jibu langu pekee kwake. Isipolia, sina la kusema.

Wewe ni fundi wa kukereza vyuma. Nimepima lile tundu kwa tepu yangu, na kipimo nimekichora hapa chini. Nitengenezee skrubu. Na unieleze chuma kimepata wapi uzi.

Mama mkwe wako


Karakanani, 11 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua imefika salama, ila wenzangu wameiona bahasha yenye mwandiko wa kike na sasa wananiita bwana harusi.

Uzi wa chuma ni ule mfereji unaozunguka mwili wa skrubu kutoka nchani hadi shingoni. Ukiutazama kwa karibu ni kama mtu ameuviringisha uzi wako kwenye njiti, kisha akautoa ikabaki alama yake. Sisi tunaukata. Chuma kinazunguka kwenye mashine, kisu kinatembea pembeni yake polepole, na kila mzunguko kisu kimesogea kidogo kilekile. Mkono ukitetemeka, kazi imeharibika. Hapa mtu akisema “uzi umekufa” hatuendi msibani, ni bolti imelika meno.

Kazi yake ni hii: msumari ukiingia umeingia, kuutoa ni kuumiza mbao. Skrubu ina uzi, kwa hiyo njia iliyoingilia ndiyo itakayotokea, na unaweza kuirudisha tena kesho.

Neno tumeliazima kwenu washonaji, nakubali. Lakini si sisi peke yetu. Waashi wanaojenga ukuta nyuma ya karakana wanavuta uzi kutoka kona hadi kona, na tofali likitoka nje yake msimamizi anafoka. Mwenzangu anayepiga gitaa analalamika uzi umekatika. Vijana wakivaa jezi mpya wanasema wamevaa uzi. Neno moja, waajiri wengi.

Skrubu iko ndani ya kitambaa kwenye bahasha hii. Nimeikata wakati wa mapumziko. Kuhusu Kifungo, nitanyamaza kama ulivyotaka, ingawa kumficha mke wangu jambo ni kuchezea moto nikiwa nimevaa nguo ya pamba.

Mkweo


Dukani, 18 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Skrubu yako inang'aa mpaka nimeogopa kuishika. Imeingia mzunguko mmoja na nusu, ikagoma.

Sikulazimisha, nimejifunza. Fundi baiskeli kaijaribu naye, akatikisa kichwa kama daktari. Nikakaa nikawaza: mshonaji akikosa kipimo cha mteja, huchukua nguo yake ya zamani akaifuatisha. Mteja wetu ni tundu. Nikalainisha nta yangu ya kupakia uzi, nikaisokomeza mle ndani, ikaganda, nikaizungusha ikatoka imechorwa mistari mizuri. Ndiyo hiyo kwenye kibweta cha kiberiti. Nadhani sasa kazi ni rahisi.

Huku nashona kwa mkono. Nimepinda sketi moja na macho yameandamana. Wateja nawaambia cherehani iko likizo.

Nimefurahia ile habari ya waajiri wengi, ila usisahau nani mwajiri wa kwanza.

Mama mkwe wako


Nyumbani, 24 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nimeona nikuandikie, maana simu zako siku hizi ni “nzima, salama, haya kwaheri.” Na kuna kitu nimekigundua. Zamani nikikupigia nasikia cherehani inalia nyuma ya sauti yako. Sasa kimya. Mara ya mwisho nilipouliza ukasema unapumzika kidogo. Mama, hujui nilivyofurahi. Nikasema hatimaye mama kasikia.

Kazini zahanatini ni pilikapilika. Jana peke yake nimeshona kidole cha fundi seremala nyuzi nne, na kuna mtoto kaletwa joto nyuzi thelathini na tisa, mama yake analia kuliko yeye. Mume wangu siku hizi ana ugonjwa wa kuuliza. Eti kwa nini jeraha lina nyuzi na joto lina nyuzi, na pembe za mraba nazo zina nyuzi tisini. Nikamwambia aulize waliotunga lugha, mimi niko zamu. Sijui kaokota wapi mambo haya.

Nina habari ya kukufurahisha. Chumba chako kiko tayari. Tumepaka rangi ya maziwa, dirisha linatazama bomba la uani, na mume wangu ametengeneza kitanda kwa mikono yake. Kakipigilia misumari mirefu, hakitikisiki hata ukirukia. Yeye ndiye aliyeharakisha. Amesema mjukuu akifika akukute tayari mwenyeji, na kwamba ukija safari hii hutarudi tena kuhangaika.

Tumbo limekuwa kubwa, siioni miguu yangu. Njoo mama. Umefanya kazi ya kutosha.

Mwanao, Kifungo


Dukani, 3 Machi

Mkwe,

Nimepokea barua ya mke wako.

Rangi ya maziwa. Kitanda cha misumari. “Hutarudi tena.” Maneno hayo yametoka kinywani mwako wakati mimi huku nasubiri skrubu yako kama mgonjwa anavyosubiri jina lake liitwe. Nilikupa siri yangu. Wewe ukanipa kipande cha chuma kinachong'aa kisichoingia popote.

Fundi mwenye mashine kubwa, anayekata vyuma vya malori, ashindwe skrubu ya cherehani? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo nazijua kuliko wengi. Kama ulitaka nije, ungeniambia usoni. Kunipumbaza kwa adabu na shikamoo kumeniuma kuliko kama yule muuzaji angenitukana.

Nta yangu unaweza kuitupa.

Mama wa Kifungo


Karakanani, 9 Machi

Mama,

Shikamoo. Umeacha kujiita mama mkwe wangu, na nimeliona hilo kabla ya kusoma mengine.

Sikuiharibu skrubu ile kwa makusudi. Nimeiharibu kwa kujiamini. Nilipima unene tu, nikaikata uzi ninaoukata kila siku kwa bolti za kawaida, nikaing'arisha ili unisifu. Fundi mzee wa hapa ndiye aliyenishtua. Kaniambia cherehani nyingi za zamani zina uzi wao wenyewe, nafasi kati ya mifereji yake si sawa na ya bolti zetu. Unene unaweza kuwa sawa, na bado zikagombana ndani kwa ndani, kama ndugu wa baba mmoja.

Nta yako ilifika imelala bapa kama sarafu. Joto la safari liliimaliza. Ilinipasa nikuandikie siku ileile.

Sikukuandikia, na hapa ndipo penye haki yako ya kukasirika. Nilikiweka kile kibweta juu ya mashine nikakitazama siku kadhaa. Nilijiambia, ikishindikana si kosa la mtu, mama atakuja na mke wangu atatulia. Maana hatulii, mama. Akiosha vyombo hufungua bomba kwa nguvu ili nisisikie analia. Nikimuuliza anasema ni tumbo, ni uchovu. Nami nikadhani dawa yake ni wewe kuwa kwenye chumba cha pili, ndiyo sababu nikapigilia kitanda kama mwendawazimu. Nilitamani skrubu ishindikane. Kutamani nilitamani, kufanya sikufanya.

Sasa nimechagua. Cherehani yako itashona, na hayo ya nyumbani nitayakabili nyumbani. Tafuta kijiti cha mti laini, kikubwa kidogo kuliko tundu, ukichonge ncha, ukizungushe humo taratibu kama unavyofunga skrubu. Mti laini utajichora uzi na joto halitauyeyusha. Nitumie hapa karakanani.

Bado mkweo, ukiruhusu


Dukani, 16 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Nimeruhusu.

Hasira yangu ilikuwa imeshonwa kwa mishono mirefu, ukivuta kidogo inatoka. Aliyetamani akasema, huyo naweza kuishi naye.

Kijiti cha mti laini nilikitafuta mtaa mzima, kumbe nilikuwa nimekichomeka nyweleni: penseli yangu ya kuchorea vitambaa. Nimeichonga nikaizungusha mle tunduni, ikatoka na mistari yake imejipanga. Nilipoitazama kwenye mwanga, mwanangu, nikakuelewa. Ni uzi kweli. Umeviringishwa na mtu asiyeonekana.

Sehemu niliyoitafuna usiijali, ni tabia ya kazi.

Umenipa jambo jingine la kufikiria, hilo la bomba. Kifungo hakuwa mtoto wa kulia. Hata alipomeza kile kifungo, aliyelia ni mimi.

Mama mkwe wako


Nyumbani, 23 Machi

Mama,

Shikamoo. Mume wangu alikuwa na mafua, hakwenda kazini. Mwenzake kwa roho nzuri kamletea kifurushi chake nyumbani. Nimekipokea mimi. Nimefungua nikakuta penseli iliyotafunwa, na meno yale nayajua, yametafuna kila penseli nyumbani kwetu tangu nizaliwe.

Nikamwendea kitandani nikamwonyesha. Akapiga chafya. Nikangoja. Akasema yote, akaniletea na barua zako.

Nilikasirika siku nzima. Mama yangu na mume wangu wamekula njama, na mimi ndani ya nyumba hiyohiyo nawaandalia rangi ya ukuta. Ile cherehani niliyodhani imepumzika ilikuwa imekufa, na mimi nimekuandikia kwamba nimefurahi. Hilo limeniumiza zaidi ya njama yenyewe. Ungeniambia tu, mama.

Halafu jioni nikajiuliza, mimi nami nimekwambia nini? Nimekwambia umezeeka. Nimekwambia mgongo na macho. Hujazeeka mama, una nguvu kunizidi. Ninaogopa. Kila wiki nazalisha watoto wa watu, najua mambo yanavyokwenda vizuri na najua yanavyoharibika, na ninajua mno. Wanawake wengine wakifika wodini wanaamini kila kitu ninachowaambia. Mimi nani ataniambia nikamwamini? Nikifumba macho nataka mkono wako, ule wenye sugu ya mkasi. Ni hilo tu. Niliona aibu kulisema, muuguzi mzima, nikaona ni rahisi kusema unahitaji mapumziko. Bomba lile lilikuwa kwa ajili ya hayo.

Mume wangu amekwenda karakanani leo na mafua yake. Amelinganisha penseli yako na vipimo vya yule fundi mzee mpaka akaupata uzi wenyewe. Amekata skrubu mbili, ya kazi na ya akiba. Hazing'ai, amesema safari hii hakuwa na muda wa sifa. Nimezifunga mimi kwa bandeji ya zahanati. Ninazituma kwa mkono wangu, ili ujue sikuzuii.

Ukiweza kuja, njoo. Usipoweza, nitaelewa.

Kifungo


Dukani, 31 Machi

Wanangu wawili,

Imeingia.

Niliishika kwa vidole viwili nikaizungusha, ikafika pale wenzake walipogoma, ikapita. Nikaacha nikanywa maji. Kisha nikaendelea mpaka mwisho, ikaishika sindano ikatulia. Nikakanyaga. Fundi baiskeli aliusikia mlio akaja kusimama mlangoni na tairi mkononi, akasema mtaa ulikuwa umepooza. Nimelia kidogo. Mnaruhusiwa kunicheka.

Ile sketi nimeifumua na kuishona upya, maana mshono wangu wa mkono ulikuwa wa kujifariji. Wateja wamejaa. Yule muuzaji wa vipuri nilimpelekea skrubu akaione, nikamsalimia kwa heshima zote, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Kifungo, mwanangu. Ungesema unaogopa, ningefika siku ileile na sindano bado mdomoni. Wewe ukasema nimezeeka, nami nikakaza uzi. Tumepoteza miezi tunabishana juu ya mgongo wangu, kumbe tulikuwa tunazungumzia tumbo lako. Kujua mengi si dhambi na kuogopa si aibu. Nilipokuzaa wewe niliogopa mpaka nikamng'ata mkunga. Siku ikifika mimi ndiye nitakayekuambia la kuamini, nawe utaniamini, muuguzi au si muuguzi.

Ninakuja kwa basi la Jumamosi. Nguo za mtoto nimeshashona, zote zimeshonwa na cherehani, hakuna hata moja ya mkono. Nitakaa mpaka mjukuu aijue sauti yangu nawe uzoee kuitwa mama. Baadaye nitarudi dukani kwangu, na nikikumbukwa nitakuja tena. Wateja nimewaaga kwa maneno hayohayo, na hakuna aliyelia.

Mkwe wangu, skrubu ya akiba iko kwenye kopo la vifungo, mahali ambapo hata mimi siwezi kuifagia. Nina kazi nyingine kwako, na ningependa iishe kabla sijafika. Kile kitanda, ng'oa ile misumari. Kifunge kwa skrubu. Nikija kikazwe, nikiondoka mkifungue mkiegemeze ukutani, mtoto apate pa kutambaa, na nikirudi mkikaze tena.

Bisibisi ninakuja nayo.

Mama yenu